Maandalizi ya Mtihani wa IELTS kwa Mtahiniwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Mtihani wa kupima umilisi wa Kiingereza ni tofauti kabisa na mtihani wa somo la Kiingereza, na kutoitambua tofauti hiyo kumewagharimu watahiniwa wengi wa Afrika Mashariki fedha, muda na wakati mwingine nafasi za masomo walizokwisha kuzipata. Mtihani wa somo, kama ule wa kidato cha nne, huuliza yaliyofundishwa darasani: nyakati za vitenzi, maana za maneno, wahusika wa riwaya iliyoteuliwa. Mtihani wa umilisi hauna mtaala wala kitabu cha kiada. Umilisi, kwa maana wanayoikusudia wanaisimu, ni uwezo wa kuitumia lugha ili jambo litendeke, yaani kusikiliza maelekezo na kuyafuata, kusoma makala ndefu na kung'amua msimamo wa mwandishi, kujenga hoja kwa maandishi, na kujibu papo hapo swali lisilotarajiwa, yote hayo huku saa ikihesabu.

Uzito wa tofauti hiyo ulidhihirika mwaka 2022, pale Waziri wa Afya wa Kenya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alipoeleza kwamba kati ya wauguzi 300 waliopimwa Kiingereza ili wakafanye kazi Uingereza, waliofaulu walikuwa 10 tu. Kenya ni nchi ambayo Kiingereza hutumika kufundishia tangu madarasa ya kati ya shule ya msingi, na uuguzi nao husomwa kwa lugha hiyo, kwa hiyo kudai kwamba watu hao hawakujua Kiingereza ni kuwaonea. Maelezo yanayoelekea zaidi kuwa kweli ni kwamba Kiingereza walichokuwa nacho, ambacho kiliwatosha darasani na wodini, hakikuwa kimezoezwa kutenda mambo yale ambayo mtihani unayataka, kwa namna na kwa muda unaoutaka. Kasoro ya aina hiyo hurekebishika, ilimradi mtahiniwa aijue mapema na aache kudhani kwamba kukariri msamiati zaidi ndiyo tiba.

Makala haya yanauangalia mtihani wa IELTS, ulioanza mwaka 1989 na unaomilikiwa kwa pamoja na British Council, IDP na Cambridge University Press & Assessment. Ule wa TOEFL, unaoendeshwa na shirika la ETS la Marekani, una muundo wake, lakini yatakayosemwa kuhusu mahali Kiswahili na Kiingereza vinapoachana njia yanamfaa pia mwenye kuufanya huo.

IELTS hupima stadi nne, yaani kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na ipo ya aina mbili. Aina iitwayo Academic ni ya wanaokwenda chuo kikuu au wanaoomba usajili wa taaluma zao, na ile iitwayo General Training ni ya wanaohama au wanaokwenda kufanya kazi za kawaida. Sehemu za kusikiliza na kuzungumza ni zilezile kwa wote, ila kusoma na kuandika hutofautiana. Ipo pia IELTS ya UKVI, ambayo maudhui yake hayatofautiani na ya kawaida lakini hufanywa chini ya masharti maalumu ya uhamiaji wa Uingereza. Kuchagua aina isiyo sahihi ni kosa ambalo alama nzuri haziwezi kulifuta, na kwa hiyo mtahiniwa anapaswa kuisoma barua au tovuti ya chuo, baraza la taaluma au idara ya uhamiaji mpaka aone jina kamili la mtihani unaotakiwa kabla hajalipa hata senti moja.

Alama hutolewa kwa ngazi kutoka 0 hadi 9 zikipanda kwa nusu nusu, na ngazi hizo watahiniwa huziita bendi. Alama ya jumla ni wastani wa stadi nne uliokadiriwa kwenda nusu iliyo karibu, na wastani unapoangukia robo hupandishwa. Mtahiniwa aliyepata 6.5 katika kusikiliza, 6.5 katika kusoma, 5.0 katika kuandika na 7.0 katika kuzungumza ana jumla ya 25, ambayo ikigawanywa kwa 4 ni 6.25, na cheti chake kitaonyesha 6.5. Hesabu hiyo ya huruma huwaponza wengi, maana taasisi nyingi huangalia kila stadi peke yake. Baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, NMC, linataka 7.0 ya jumla na 7.0 katika kila stadi, isipokuwa kuandika ambako hukubali 6.5. Kanada, katika mpango wake wa wafanyakazi wenye ujuzi, inataka angalau ngazi ya 7 ya kipimo chake yenyewe, ambayo kwa IELTS ni 6.0 katika kila stadi. Aliyepata 5.0 katika kuandika hana anachoweza kukifanya na 6.5 yake mbele ya taasisi kama hizo. Lengo, kwa hiyo, liandikwe kwa namba nne wala si kwa moja.

Baada ya lengo huja kipimo cha mahali mtahiniwa alipo. Njia ya uhakika ni kufanya karatasi moja nzima ya majaribio, ikiwezekana kutoka katika vitabu vya mitihani ya zamani vinavyotolewa na Cambridge, kwa kufuata saa, bila kamusi na bila kusimama. Sehemu za kusikiliza na kusoma zina maswali 40 kila moja, na kwa wastani, katika kusikiliza na katika kusoma kwa aina ya Academic, majibu sahihi 23 hukaribiana na bendi ya 6 na majibu sahihi 30 hukaribiana na bendi ya 7. Namba hizo zinastahili kutafakariwa. Kati ya bendi ya 6 na ya 7 yapo maswali saba tu, na mtahiniwa anayeyapitia makosa yake kwa makini aghalabu hugundua kwamba mawili yalitokana na tahajia, moja na kusahau «s» ya wingi, na jingine na kuandika maneno matatu pale maelekezo yalipotaka yasizidi mawili. Hayo hayatibiwi kwa kozi ya lugha. Yanatibiwa na daftari la makosa, ambamo kila kosa linaandikwa pamoja na sababu yake kwa neno moja au mawili: tahajia, wingi, haraka, sikusikia, sikuelewa swali. Wiki tatu zikipita daftari hilo huwa linamweleza mwenyewe mengi zaidi kuhusu Kiingereza chake kuliko kitabu chochote cha sarufi.

Watahiniwa hushauriwa mara nyingi wafikiri kwa Kiingereza. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila mtu hawezi kuamuru akili yake ibadili lugha kama anayebadili idhaa ya redio. Jambo analoliweza leo hii ni kujua ni wapi Kiswahili kinamsukuma kwenye kosa, kwa kuwa makosa ya mzungumzaji wa Kiswahili yana mpangilio, na chenye mpangilio huwindika. Kiswahili husema «yeye» kwa mwanamume na kwa mwanamke, na kwa hiyo mtahiniwa anayejua vizuri tofauti ya «he» na «she» hujikuta akimwita mama yake «he» anapokuwa ameshughulika na jambo jingine. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha nafsi hata mtenda anapokuwa ametajwa, kama katika «watu wanapenda», na matokeo yake ni sentensi ya «people they like», ambayo Kiingereza rasmi hakiikubali. Kiambishi «-na-» hutumika kwa jambo lililoanza zamani na linaloendelea, kama katika «anaishi Tanga tangu 2015», ambapo Kiingereza hudai «has lived». Mtahiniwa akitafsiri neno kwa neno hupata «is living since 2015», na mtahini aliyefunzwa husikia kosa hilo kabla sentensi haijaisha. Nomino nazo zina mitego yake. Kiswahili huhesabu vifaa, taarifa na samani bila tatizo, lakini wenzao wa Kiingereza, yaani «equipment», «information» na «furniture», hawapokei wingi kamwe.

Kosa sugu kuliko yote hayo ni la vibainishi, yaani vile vineno «a» na «the» vinavyotangulia nomino. Husemwa kwamba Kiswahili hakina kitu kama hicho, na hapo mwanafunzi hukata tamaa na kuvitawanya kwa kubahatisha. Usemi huo si sahihi kabisa, kwa sababu Kiswahili kina njia yake ya kuonyesha kwamba kitu kinachozungumziwa kinajulikana. Atakayesema «mwalimu amenunua kitabu» anataja kitabu chochote. Atakayesema «mwalimu amekinunua kitabu» anataja kitabu ambacho msikilizaji tayari anakijua, na kilicholeta tofauti hiyo ni kile kiambishi cha yambwa, «-ki-», kilichoingia ndani ya kitenzi. Mtahiniwa anapositasita kati ya «a» na «the» anaweza kujiuliza kama kwa Kiswahili angekitia kiambishi hicho. Akiona angekitia, mara nyingi «the» ndiyo inayohitajika. Kipimo hicho hakitoshi kwa kila sentensi, kwa kuwa majina ya bahari, milima na magazeti yana desturi zake, lakini humpa mtu mahali pa kusimama penye mantiki anayoijua tangu utotoni, na hilo ni zaidi ya kinachotolewa na madarasa mengi.

Maana za maneno nazo huvuka mpaka kwa namna inayopotosha. «Kuazima» hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea, ilhali Kiingereza hutenganisha «lend» na «borrow». «Kusikia» hubeba sauti, njaa, baridi na hata harufu, ambavyo Kiingereza huvigawia vitenzi mbalimbali. Jibu la swali la kukanusha ndilo linalohitaji tahadhari kubwa kuliko yote. Mswahili akiulizwa «Hujala?» hujibu «Ndiyo», akimaanisha kwamba ni kweli hajala, wakati Kiingereza katika hali hiyohiyo husema «No». Mtahiniwa asiyelijua hilo hupoteza swali katika sehemu ya kusikiliza bila kuelewa kilichompata, kwa kuwa alisikia kila neno.

Sehemu ya kusikiliza huchukua dakika 30 hivi, na kila rekodi huchezwa mara moja tu. Kwa kawaida mazungumzo ya kwanza ni mepesi, kama vile mtu kupiga simu kuulizia chumba cha kupanga, lakini ni hapo ambapo alama hupotea kwa sababu zisizohusiana na ugumu wa lugha. Majina hutajwa herufi moja moja, na mtoto aliyejifunza irabu kwa Kiswahili, a, e, i, o, u, anapolisikia jina la Kiingereza la herufi E, linalotamkwa «i», mkono wake huandika I. Vivyo hivyo G huitwa «ji», na J huitwa «jei». Namba za simu husomwa kwa kutumia «double» pale tarakimu inapojirudia, na sifuri huitwa «oh». Saa nazo zina hatari ya pekee kwa Mswahili, ambaye huhesabu saa kuanzia macheo na kuita saa mbili asubuhi kile ambacho Kiingereza hukiita «eight». Anayezoea kutafsiri saa kichwani anaweza, katika sekunde ya taharuki, kuandika tarakimu isiyotamkwa. Kanuni ni kuandika kilichosikika, bila kukigeuza. Tena mzungumzaji hujisahihisha mara kwa mara, akitaja Jumanne kisha akisema samahani, ni Alhamisi, na mtahiniwa aliyekwisha kuiweka kalamu chini baada ya kuisikia Jumanne atakuwa ameandika jibu ambalo watunzi walilitega makusudi.

Dawa ya zamani ya sehemu hii ni imla, ile iliyokuwa ikifanywa katika shule za msingi, na inasikitisha kwamba imeachwa. Mtahiniwa huchukua dakika moja ya kipindi cha redio au cha mafunzo, kwa mfano vile vya BBC Learning English, huisikiliza sentensi kwa sentensi, huandika kila neno, kisha hulinganisha na maandishi yaliyotolewa pamoja na kipindi. Dakika moja ya sauti inaweza kuchukua nusu saa ya kazi. Katika kulinganisha, mtu huona jambo ambalo maelezo hayawezi kumwonyesha: kwamba «-ed» ya mwisho wa kitenzi ilikuwepo ila hakuisikia, na kwamba maneno madogo yalimezwa. Kiswahili huipa kila silabi haki yake na huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ambapo Kiingereza huubana mkazo kwenye silabi chache na kuziacha nyingine zififie. Sikio linahitaji kuzoezwa kusikia kilichofifia.

Kuhusu kusoma yapo machache ya kusema, kwa kuwa mwenye kusoma kila siku huendelea hata bila mwalimu. Muda ni dakika 60, na hakuna dakika za ziada za kuhamishia majibu. Katika aina ya Academic matini ni tatu ndefu, kwa hiyo kila moja isipewe zaidi ya dakika 20, na swali gumu likisiwe kisha liachwe, kwa kuwa jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Aina moja tu ya maswali inastahili kuelezwa kwa kirefu, nayo ni ile inayomtaka mtahiniwa aseme kama kauli ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Tuseme matini inaeleza kwamba karafuu ilifikishwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kauli kwamba karafuu ilikuwa ikilimwa Unguja katika karne ya 17 si kweli, kwa sababu inapingana na matini. Kauli kwamba karafuu iliwaletea wakulima fedha nyingi kuliko nazi haikutajwa, na inabaki kuwa haikutajwa hata kama mtahiniwa amezaliwa Pemba na anaijua bei ya kila gunia. Wanaokosea hapa mara nyingi ni wenye maarifa mengi, ambao huyajibu maswali kwa wanayoyajua badala ya kwa yaliyoandikwa.

Kuandika ndiko kunakohitaji jicho la mtu mwingine kuliko stadi nyingine zote. Muda ni dakika 60 kwa kazi mbili: ya kwanza isipungue maneno 150 na ya pili isipungue maneno 250, na ya pili ina uzito maradufu, hivyo ipewe dakika 40. Katika aina ya Academic kazi ya kwanza ni kueleza mchoro, jedwali au grafu, na kosa linalozoeleka ni kuorodhesha kila namba kama anayesoma risiti, bila sentensi moja inayoeleza sura ya jumla, yaani nini kilipanda, nini kilishuka na nini kilibaki pale pale. Kazi ya pili ni insha ya hoja. Wasahihishaji hutumia vigezo vinne vyenye uzito sawa: jinsi swali lilivyojibiwa, mpangilio na mshikamano wa mawazo, upana na usahihi wa msamiati, na sarufi. Mtahiniwa anayeishughulikia sarufi peke yake anashughulikia robo ya alama.

Desturi ya insha ya Kiswahili, ambayo ina uzuri wake na haipaswi kudharauliwa, humruhusu mwandishi aanze mbali kwa methali na visa vya maisha, na kulifikia jambo lenyewe taratibu kama mgeni anayeulizia hali za wote nyumbani kabla ya kusema kilichomleta. Insha ya IELTS humtaka mwandishi aseme msimamo wake katika sentensi za mwanzo, kisha kila aya ibebe wazo moja lililoelezwa na kuthibitishwa. Chukulia swali linalouliza kama serikali zitumie fedha zaidi kwenye reli kuliko kwenye barabara. Mtahiniwa dhaifu ataandika kwamba reli ni muhimu sana kwa maendeleo, kwamba zina faida nyingi kwa jamii, na kwamba kila nchi inazihitaji; sentensi tatu zimesema jambo moja. Aliye imara ataandika kwamba treni moja ya mizigo huondoa malori mengi barabarani, ataeleza kwamba uzito wa malori ndio unaoharibu lami haraka na hivyo kuirudisha serikali kwenye matengenezo kila baada ya miaka michache, kisha atatoa mfano wa reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, na kueleza ilivyobadili namna watu na makontena yanavyosafiri. Mfano ni wa nyumbani, unajulikana, na haukumlazimu kubuni utafiti wa chuo fulani cha ng'ambo. Kubuni takwimu hakumwongezei mtu chochote, ilhali kueleza sababu na matokeo hatua kwa hatua humwongezea.

Jambo jingine la kuepukwa ni vifungu vya kukariri, vile vinavyouzwa mitaani na mitandaoni kama funguo za bendi ya 8. Wasahihishaji wamefunzwa kuvitambua, na tena sentensi nzuri iliyokaririwa ikikaa kati ya sentensi dhaifu huonyesha mshono wake kama kiraka kipya kwenye kanzu kuukuu. Afadhali mtahiniwa aandike aya moja kila siku, aitafutie msomaji, kisha aiandike upya baada ya masahihisho. Kuandika upya ndiko kunakofundisha, na ni hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Ambaye hana mwalimu anaweza kubadilishana aya na mwenzake anayejiandaa. Programu za kompyuta zinazosahihisha sarufi nazo zinafaa kwa kuonyesha kosa, maadamu mtahiniwa analisahihisha mwenyewe na kuliingiza katika daftari.

Kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14, ana kwa ana na mtahini, na mazungumzo hurekodiwa. Kuna maswali mepesi kuhusu maisha ya mtahiniwa, kisha kadi yenye mada ambayo hupewa dakika moja ya kuifikiria na dakika moja hadi mbili za kuisemea, kisha mjadala wa mambo ya jumla yanayohusiana na mada hiyo. Kinachowaangusha vijana wengi wa Afrika Mashariki hapa ni adabu njema waliyolelewa nayo. Mdogo anapoulizwa na mkubwa hujibu kwa ufupi, hainui sauti, na habishani. Mbele ya mtahini, jibu la maneno manne humnyima huyo mtahini ushahidi wa kumpimia, na mtahiniwa aliyekuwa na Kiingereza cha bendi ya 7 huondoka na 5.5. Inafaa aelewe kwamba kurefusha jibu kwa sababu na mfano ndiyo heshima inayotarajiwa katika chumba kile. Mtahini akimkatiza, ajue kwamba muda wa sehemu hiyo umekwisha. Uso wa mtahini usioonyesha furaha wala huzuni ni agizo la kazi yake, na kumwomba arudie swali kwa ustaarabu hakupunguzi alama. Ile dakika ya maandalizi itumike kuandika maneno matano au sita ya kuongoza simulizi, na karatasi hiyo haisahihishwi.

Lafudhi ya Kiafrika haiadhibiwi. Kinachopimwa ni kama msikilizaji anaelewa bila kutaabika. Juhudi zisipotezwe katika kuiga matamshi ya London, zielekezwe mahali maana inapopotea. Kiswahili kina irabu tano, na kwa hiyo maneno «hat», «hut», «heart» na «hurt» huweza kutoka kinywani mwa Mswahili yakiwa neno moja. Hapo ndipo pa kufanyia kazi, kwa kurekodi sauti yake kwenye simu na kuisikiliza pamoja na ya kamusi. Upande wa konsonanti mzungumzaji wa Kiswahili ana hazina ambayo wageni wengi hawana: anayetofautisha «thamani» na «samani», na asiyeiita dhahabu «zahabu», tayari anazo sauti mbili za «th» zinazowasumbua Wafaransa na Wajapani.

Muda wa maandalizi hutegemea umbali wa kwenda. Kwa kipimo cha CEFR, ambacho ni mizani ya ngazi sita ya Baraza la Ulaya kutoka A1 hadi C2, Cambridge hukadiria takriban saa 200 za masomo ya kuongozwa ili kupanda ngazi moja ya kati. Anayesoma saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, atazimaliza kwa wiki 20. Anayehitaji nusu bendi na ambaye makosa yake ni ya tahajia na muda anaweza kutosheka na wiki sita. Matangazo yanayoahidi bendi mbili kwa siku 14 yanawalenga watu walio katika shida, mara nyingi waliokopa ada kwa ndugu, na ni haki waambiwe waziwazi kwamba lugha haipandi hivyo.

Usajili ufanyike kwa pasipoti ileile itakayobebwa siku ya mtihani, na majina yaandikwe kama yalivyo humo, hata kama vyeti vya shule vina mpangilio mwingine. Anayefanya kwa kompyuta awe amezoea kuchapa insha nzima kwa kufuata saa. Kasi ndogo ya vidole humla mtu dakika ambazo angezitumia kufikiri. Saa ya mkononi hairuhusiwi chumbani, na kwa hiyo mazoezi ya mwisho yafanywe kwa kutazama saa ya ukutani au ya kwenye skrini.

Matokeo hutambuliwa kwa kawaida kwa miaka miwili. Aliyekosa nusu bendi katika stadi moja ana njia mbili kabla ya kulipia mtihani mzima upya. Anaweza kuomba kazi yake isahihishwe tena ndani ya wiki sita, na ada ya ombi hilo hurudishwa endapo alama itabadilika. Au, kama alifanya kwa kompyuta na kituo chake kinatoa huduma hiyo, anaweza kurudia stadi moja peke yake ndani ya siku 60, baada ya kuhakikisha kwamba taasisi anayoiomba inapokea cheti cha namna hiyo. Kusahihishwa upya hufaa hasa pale alama ya kuandika au ya kuzungumza inapokuwa chini mno ya zile alizozoea kupewa na wasomaji wake wakati wa mazoezi. Ikiwa zinalingana, jibu limo katika kurasa za mwisho za daftari lake, na wiki za kusubiri kikao kingine zianzie hapo.